Taa ya Baiskeli ya Nyambu

Jumanne, 4 Februari 1986. Voi.

Picha kumi na saba leo. Zote nimezifuta. Ndiyo kazi yenyewe. Nachora juu ya kioo, Wawuda anabonyeza kamera ya video na kuachia hapo hapo, nafuta kidogo kwa kitambaa, nasogeza mguu wa mbuzi, anabonyeza tena. Rangi nachanganya na mafuta ya kupikia ili isikauke. Kioo nimekitoa kwenye dirisha la chumba changu. Dirishani nimeweka kadibodi. Chini ya kioo kuna balbu. Kamera tumeifunga kwa waya kwenye kiti kilichowekwa juu ya meza, inatazama chini.

Treni ya mizigo ikipita, nyumba inatikisika. Tunangoja.

Wawuda ni binti wa dada yangu. Mjane, miaka arobaini na mbili. Kamera ilikuwa ya marehemu mumewe, naye huzunguka nayo akipiga harusi. Anasema harusi ni kazi rahisi. "Bibi harusi anatembea mwenyewe, Mjomba. Mbuzi wako lazima asukumwe."

Nina miaka sabini na tatu. Tangu kiharusi cha mwaka jana upande mmoja wa mdomo umelala. Nikisema kitu watu hunitazama kwa huruma, hawaelewi. Wawuda anaelewa, au anajifanya. Mkono wa kulia unatetemeka. Daktari ameniambia nipumzike.

Sipumziki. Filamu hii ni ya Nyambu. Nilimwacha aharibiwe jina zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Yeye yuko hai, na mimi bado niko hai kidogo. Waliomfukuza watauona ukweli kabla sijafa. Wakipenda wasipende.

Alhamisi, 6 Februari.

Umeme ulikatika saa nne hadi saa nane. Nimekaa na kitambaa mkononi kama mhudumu wa hoteli asiye na wateja.

Mbuzi amevuka kioo chote. Kazi ya siku tatu. Wawuda anasema ni kama sekunde tano.

Jumamosi, 8 Februari.

Niandike yote leo, kabla mkono haujakataa.

Zamani kwetu mtu mzima alipokufa alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilitolewa kaburini likawekwa pangoni, kwenye mstari mmoja na wazee wake. Pango la ukoo wetu liko juu ya Bura, nyuma ya mwamba ulioinama. Fuvu la babu yetu lilikuwa humo. Nasema yetu: mimi na Nyambu ni watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja. Sisi tulibatizwa, hatukuongeza fuvu jipya, lakini hakuna aliyegusa yaliyokuwepo. Nyambu alichunga mbuzi huko. Alikuwa akifagia mlango wa pango. Hakuna aliyemtuma.

Mwaka 1963 niliacha ualimu nikatangaza kuwa mimi ni mchoraji. Watu walicheka. Mwaka uliofuata nikachora lile pango. Sijawahi kuchora picha nzuri kama ile, kabla wala baada. Ilitundikwa katika hoteli ya watalii pembeni mwa mbuga, na mgeni mmoja akaitaka. Akanipa mkono akatabasamu. "Ndoto nzuri sana," akasema.

Ndoto! Nilikaa mbele ya pango lile siku tisa, nikiliwa na mbu. Nikakasirika kama mtoto. Nikageuza turubai, nikachukua penseli, nikamchorea njia nyuma yake: kanisa, mto, shamba la miwa, mwamba. Ili ajue nachora vitu vilivyopo. Hakunishurutisha. Hakuniahidi kitu. Kilikuwa kiburi tu.

Wiki tatu baadaye pango lilikuwa tupu. Mgeni alishaondoka nchini.

Baraza likaitwa. Nani huenda kule juu? Nyambu. Na Nyambu alikuwa na baiskeli mpya. Aliinunua kwa jasho la miaka miwili katika mashamba ya mkonge, lakini siku ile nani alitaka habari za mkonge? Wakasema amemuuza babu kwa baiskeli. Maneno hayo hayo. Mimi nilikuwa benchi la mbele, bado wakiniita mwalimu, nimevaa tai. Nilijua. Mdomo wangu ulikuwa mzima wakati ule.

Nyambu alinitazama mara moja. Hakuwa na habari ya ile penseli. Alinitazama kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, ndiye niliyeweza kumtetea.

Nikatazama viatu vyangu.

Wiki hiyo hiyo aliondoka na mkewe na ile baiskeli. Alikwenda Mata, kule mpakani, akaanza kulima ardhi ya watu wengine. Hajakanyaga milima tena. Mwaka 1971 nilimwambia pasta. Akasema Mungu amesikia, inatosha. Haikutosha. Nyambu hakusikia.

Jumapili, 9 Februari.

Mzee Mwadime amekuja baada ya ibada. Ni baba mkwe wa binti yangu Mghoi, tena mzee wa kanisa. Wakati ule ndiye aliyekuwa mzee wa kijiji. Ndiye aliyesimamia lile baraza, na kidole chake ndicho kilichomwonyesha Nyambu njia. Mghoi amempa habari ya filamu.

Alikaa na kofia magotini. "Mwalimu, mambo ya mafuvu ni ya giza. Tuliyaacha nje tulipobatizwa. Unayarudisha ndani ya nyumba kwa nini?"

Nikajaribu kumjibu. Mate yakanitoka. Wawuda akanisemea: "Anasema anayerudishwa si mafuvu, ni mtu."

Nilisema hivyo? Karibu. Nilichosema kilikuwa kibaya zaidi.

Usiku simwazi Mwadime. Namwaza baba yangu. Akiamka na hasira na mtu, alichukua funda la maji, akaitaja hasira ile kwa jina, akayarusha maji nje kwa mdomo, pfuu, akamtakia mtu yule mema. Kutasa, ndivyo tulivyokuita. Halafu akaenda shambani. Mimi nilipokuwa mwalimu nilisimama mbele ya darasa nikasema ni ushenzi. Hasira zangu zote nikazimeza. Ziko humu bado, nadhani ndizo zilizonipasua mshipa.

Jumatano, 12 Februari.

Mghoi anauliza kwa nini nisiandike barua. Barua inasomwa na mtu mmoja, inakunjwa, inawekwa chini ya godoro. Nyambu alihukumiwa mbele ya watu. Asafishwe mbele ya watu. Tena nilidanganya kwa kukaa kimya huku picha yangu ikisema yote. Basi picha iseme tena.

Jumanne, 18 Februari.

Yule mwenye duka la picha wa Nairobi amefika na gari lake. Anataka tembo sita.

Ndiyo. Tembo. Tangu mwaka ule nimechora tembo wekundu wa mbuga hii, wakinywa, wakioga vumbi, wakivuka reli. Wako kwenye kuta za hoteli, kwenye kalenda, kwenye ofisi za watu nisiowajua. Watu wanaita hii maisha ya msanii. Nilichagua tembo kwa sababu tembo hawana pango la mtu. Hakuna anayeweza kuibiwa babu yake kwa picha ya tembo. Sijachora kitu cha kweli kwa miaka ishirini na mbili, na nilisifiwa kwa hilo.

Akaona kioo. Akaona mkono wangu. "Mzee, mistari inatetemeka. Na hizi unazifuta? Utabaki na nini?"

Nikamwandikia kwenye karatasi: SITAKI KUBAKI NA KITU. Nikaandika chini yake: TEMBO WAMEKWISHA.

Amekwenda zake. Wawuda alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 21 Februari.

Mghoi amekuja. Mwalimu mkuu, viatu vya kisigino, sauti ya paredi. Anasema nitamwaibisha ukweni. Watu watasema baba mkwe wake alimfukuza mtu asiye na hatia, na baba yake mzazi alimwacha afukuzwe. Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, hivyo hasa ndivyo watakavyosema.

"Baba, umeishi vizuri. Watu wanakuheshimu. Kwa nini usife hivyo?"

Nampenda mtoto huyu. Swali lake limeniuma. Nikamwonyesha kioo, na kwenye kioo Nyambu alikuwa amesimama barazani, peke yake, na baiskeli.

Akaitazama. Halafu akainama, akaifungua balbu ikiwa bado moto, akaifunga kwenye leso, akaitia mkobani. Akaondoka nayo.

Binti yangu kabisa. Ningefanya vivyo hivyo.

Jumamosi, 22 Februari.

Wawuda alitaka kwenda dukani kununua balbu nyingine. Nikakataa. Tumehamia nje, kwenye baraza ya nyumba. Ameleta kioo chake cha kujitazamia, tumekilaza sakafuni, jua linakigonga na kupanda juu kupitia kioo cha picha. Mwanga ni mkali kuliko balbu. Wingu likipita picha inafifia, kisha inarudi. Basi ififie na kurudi. Watu wa Bura wanajua mawingu.

Sasa umeme wakate wanavyotaka.

Jumatatu, 24 Februari.

Leo kwa mara ya kwanza nimeona kaseti ikicheza. Wawuda ana televisheni ndogo inayotumia betri ya gari. Haina rangi. Sikuwahi kufikiria hilo! Udongo wangu mwekundu, yote kijivu.

Kingine. Mkono wangu. Hakuna mstari unaokaa mahali. Mwamba unatetemeka, miti inatetemeka, shati la Nyambu linatetemeka. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikamwashiria azime.

Hakuzima. "Tazama tena, Mjomba. Anapumua."

Nikatazama. Kweli. Nyambu amesimama tu, hafanyi kitu, na anapumua. Kila mtu barazani anapumua. Tembo wangu wote, na mkono wangu ukiwa imara kama nguzo, hakuna hata mmoja aliyewahi kupumua.

Nililia. Upande mmoja tu wa uso. Ule mwingine haujui.

Alhamisi, 27 Februari.

Nimejichora mwenyewe leo. Benchi la mbele, tai, bila mdomo. Kisha penseli, na njia nyuma ya turubai. Nimeichora polepole, kituo kwa kituo: kanisa, mto, miwa, mwamba. Wawuda alikuwa akibonyeza tu.

Nimetapika saa kumi. Kifua kizito.

Jumapili, 2 Machi.

Imekwisha. Dakika nne na kidogo. Wiki nne za kuchora na kufuta, na mkononi nina kaseti ya plastiki nyepesi kuliko kitabu cha nyimbo.

Jumapili, 9 Machi. Bura.

Nimelala kwa dada yangu, mama yake Wawuda. Njia ya kupanda imenichukua nguvu zote. Walinibeba hatua za mwisho. Naandika nikiwa nimelala.

Mghoi alikataa kutupa darasa la shule yake. Tukaonyesha kwenye uwanja wa dada, betri chini ya meza, blanketi limetundikwa kuzuia jua. Watu walikuja wengi kuliko viti. Nadhani walifikiri ni video ya harusi.

Mbuzi alipovuka, watoto walishangilia. Baiskeli ilipotokea, wazee wakaacha kuongea. Lilipokuja baraza, kidole cha Mwadime kilipanda peke yake, kirefu, kikitetemeka. Kila mtu alikijua. Yeye mwenyewe alikuwa mstari wa pili. Nikatokea mimi bila mdomo. Ikatokea penseli. Nikasikia mwanamke nyuma akisema, "Kumbe ni Mwalimu." Kisha tena, sauti ile ile, "Kumbe ni Mwalimu!"

Ikaisha. Hakuna aliyeinuka.

Mwadime akasema, "Rudisha nyuma." Wawuda akarudisha. Akatazama baraza. "Rudisha tena." Mara tatu. Kisha akasimama, akaondoka, akasahau kofia.

Vijana wawili walinitazama kama mwizi. Ni sawa. Nimengoja mtazamo huo miaka ishirini na mbili, na nikaupokea nikiwa nimeinua kichwa. Mghoi alikuwa amesimama mbali, karibu na migomba. Sikujua alikuja.

Jumatano, 12 Machi.

Wawuda alimtumia Nyambu habari kwa mtu anayekwenda Taveta. Jibu limefika. Nyambu anasema hana nauli ya kuja kutazama aibu yake kwenye sanduku. Waliomfukuza wanajua njia ya Mata, walimwelekeza wenyewe.

Amesema kweli.

Mghoi amekuja jioni. Ameweka kitu juu ya kitanda. Balbu, bado kwenye leso. Akasema gari la Jumamosi la kwenda Mata amelitafuta yeye. Akasema baba mkwe wake atakaa mbele, kwa sababu ya magoti.

Jumapili, 16 Machi. Voi tena.

Naandika ya jana.

Njia ni vumbi tupu. Nililala nyuma kwenye godoro, kichwa mapajani mwa Wawuda, televisheni katikati ya miguu yangu. Mwadime alikaa mbele na dereva, kofia kichwani hadi Mata.

Nyambu alikuwa shambani, akigeuza maji kwenye mfereji wa mahindi. Mwembamba, mnyoofu, jembe begani. Alituona. Akamaliza mfereji wake kwanza. Nilihesabu hiyo kuwa haki yake.

Mkewe alitupatia viti. Mwadime alikataa kukaa. Alivua kofia, akasema amekuja kwa kuwa alikosea, na kwamba alikosea kwa sauti kubwa, basi anasema kwa sauti kubwa. Alisema hivyo mara mbili, ya pili akapaza sauti zaidi, hata majirani wakasimama. Nyambu akamjibu, "Nimesikia, Mzee. Mimi si kiziwi, nilihama tu."

Kisha akanigeukia. Tulitazamana. Nikafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Akasubiri. Wawuda alitaka kunisemea, nikamzuia kwa mkono. Nikamwonyesha televisheni.

Akaitazama yote bila kupepesa macho. Ilipokuja penseli alisogeza uso karibu, akafuata njia kwa kidole juu ya kioo cha televisheni: kanisa, mto, miwa, mwamba. Akafika mwamba akaacha kidole pale. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige.

"Rudisha pale penye baiskeli," akasema.

Wawuda akarudisha.

"Baiskeli ilikuwa na taa. Hii haina taa."

Akaigusa baiskeli kwa kidole.

"Taa ya mbele, ya kuzungushwa na gurudumu. Ndiyo iliyonichelewesha kununua miezi minne. Walisema nimemuuza babu kwa baiskeli, na wewe umesahau hata taa."

Nililia mbele yake, bila kujificha. Akaomba maji. Mkewe akaleta kwenye kibuyu. Nilidhani ni ya kunipa mimi. Akachukua funda, akalishika mdomoni, akalimeza. Akachukua jingine akalishika. Mwadime akainamisha kichwa. Alikuwa ameshajua kuwa ni kutasa, na ni mzee wa kanisa, na hakuondoka.

Nyambu akalimeza hilo pia, akasema kwanza, kwa Kidawida chetu cha milimani ambacho sikukisikia kwake miaka yote hii: kwamba alimkasirikia Mcharo wa baba mkubwa, ndiyo mimi. Kwamba alimkasirikia kila asubuhi aliposhika jembe. Kwamba hasira hiyo ilimzeesha, na sasa inamchosha kuibeba. Basi itoke. Iende kule asikokaa mtu. Mcharo alale vizuri, apone au afe vizuri. Akachukua funda la tatu, akanigeukia mimi niliyekuwa ndani ya televisheni, bila mdomo, benchi la mbele, na akalirusha lote. Pfuu.

"Mjomba, televisheni!" Wawuda akaruka na kung'oa waya za betri. Kitu kililia tsss ndani ya sanduku. Picha ikazima. Moshi kidogo.

Aliyecheka kwanza ni Mwadime. Halafu mke wa Nyambu. Halafu mimi, kwa nusu ya mdomo. Nyambu hakucheka. Alijifuta kidevu.

"Hasira nimeitema," akasema. "Kurudi sirudi. Mtu asinishauri."

Hakuna aliyemshauri. Alitupatia mahindi mabichi tubebe. Tulipoondoka alikuwa tayari kwenye mfereji.

Jumanne, 18 Machi.

Sikuamka kitandani jana. Leo nimekaa.

Televisheni imekauka. Inaonyesha picha, sauti hakuna. Wawuda anasema si neno, filamu yetu haina sauti.

Ameniuliza tufanye nini sasa. Nimemwambia aende akapige harusi zake.

Alhamisi, 20 Machi.

Asubuhi nimechora. Picha moja tu juu ya kioo, hakuna kamera. Baiskeli, mpini wake, kengele, na mbele taa. Imenichukua hadi saa sita. Mkono ulitetemeka, na taa imekuwa kubwa kuliko inavyopaswa.

Mghoi alipita na uji. Nikamwomba aondoe kadibodi dirishani. Akakirudisha kioo mahali pake, taratibu, ameshika kingo tu. Akaniuliza kama apitishe kitambaa kwanza.

Nikatikisa kichwa: hapana.

Rangi ile haikauki. Jua limeingia kupitia taa.